Kulabu Ishirini na Saba Ndani ya Kopo

Jumatatu, 2 Juni

Naanza daftari hili kwa sababu mbili, na ninazitaja zote ili baadaye nisijidanganye. Ya kwanza ni kwamba tangu nimalize chuo sijapata mtu wa kubishana naye ipasavyo: karakanani watu hunisikiliza mpaka nimalize, kisha huendelea kushona. Ya pili ni kwamba nataka pawepo maandishi ya siku itakapothibitika kuwa nilikuwa sahihi.

Karakana ni ya Mjomba. Anashona matanga ya boti za mashindano na za matembezi, katika ukumbi mrefu juu ya gati, wenye sakafu ya mbao iliyopigwa vanishi ambayo hairuhusiwi kukanyagwa kwa viatu. Cherehani zimewekwa ndani ya mashimo yaliyochimbwa sakafuni, ili kitambaa kiteleze usawa wa mbao na mshonaji akae miguu ikiwa shimoni. Anayekaa humo ni Bi Uzi, aliyefanya kazi na Mjomba tangu kabla sijazaliwa, na ambaye siku yangu ya kwanza aliniita Profesa. Halikuwa jina la heshima. Nimeamua kulipokea kana kwamba ni la heshima.

Upepo leo ni mwepesi. Kamba za boti zilizofungwa gatini zinagonga milingoti taratibu, kama mtu anayekoroga chai na hana haraka.

Alhamisi, 5 Juni

Shemeji alikuja leo na dakika zake kumi na moja. Ni mume wa dada yangu mkubwa, mtu mpole kwa kila jambo isipokuwa hilo. Mwaka jana, katika mashindano ya watu wawili yanayofunga msimu, yeye na Dada waliikimbiza boti yao hadi mnara wa taa na kurudi, wakawa wa pili kwa dakika kumi na moja. Tangu hapo dakika hizo zinaishi nyumbani kwao kama mgeni asiyetaka kuaga. Dada anasema mumewe hata chai huimimina akitazama saa.

Swali lake lilikuwa moja: matanga yake ya mbele yabaki kwenye kulabu, au aweke reli?

Naeleza mara moja ili nisirudie. Tanga la mbele hupanda likifuata waya unaotoka omo, yaani pua ya boti, hadi juu ya mlingoti. Shemeji ana matanga ya mbele matatu, kubwa, la kati na dogo, na kila moja limeshonewa ukingoni kulabu za shaba zenye pini ya kuvuta kwa kidole gumba. Unazibana kwenye waya moja moja, kisha unavuta kamba ya kupandishia, ambayo mabaharia huiita henza. Reli ni kitu kingine kabisa: ni ganda refu la plastiki ngumu linalovishwa waya wote, lenye mifereji miwili, na ukingo wa tanga huteleza ndani ya mfereji kama meno ya zipu. Upepo haukutani tena na vifundo vya shaba. Unakutana na wembe. Na kwa kuwa mifereji ni miwili, tanga jipya hupanda kabla la zamani halijashuka, na boti haibaki uchi hata sekunde moja.

Mjomba hakuinua kichwa. Aliuliza nani atakuwa omo siku ya mashindano. Shemeji akasema ni yeye. Na usukani? Mke wake. Na wa tatu? Shemeji akacheka, akasema Mjomba anajua vizuri kwamba wa tatu hayupo.

"Basi umeshajijibu, mwanangu," Mjomba akasema, akauma uzi.

Sikuweza kuvumilia. Nilisema mbele ya wote kwamba hoja inayohusu idadi ya watu si hoja inayohusu chombo, na kwamba mazoea, hata yakiwa na umri wa miaka arobaini, hayageuki kuwa ushahidi. Bi Uzi, kutoka shimoni kwake, aliuliza kama hicho chombo changu kitajishusha chenyewe. Watu walicheka. Shemeji hakucheka. Alikuwa ananitazama mimi.

Jumanne, 10 Juni

Nimemaliza. Kurasa kumi na mbili, na michoro mitatu.

Jumatano, 11 Juni

Niliisoma hoja yangu sebuleni kwa Shemeji, mchana, yeye akiwa ameketi wima kama mwanafunzi na Dada akikunja nguo kando ya dirisha.

Nilianza na hesabu: kwa umbali ule na upepo wa kawaida wa mwezi wa nane, reli itawapa dakika kumi na mbili na nusu. Hapo Shemeji alifumba macho. Nikaendelea na uzito, kwamba kila kilo iliyo juu mlingotini bila kufanya kazi ni dakika inayotupwa majini. Kisha nikaikabili hoja ya Mjomba, na niliieleza kwa uadilifu kuliko anavyoieleza mwenyewe. Tanga la kulabu likishushwa hubaki limeshikwa na waya, likajikunja chini kama mkufu. Tanga la reli likishushwa hutoka mferejini likawa huru, limeshikwa kwenye pembe zake tu. Nilijibu hivi, na ninainakili hapa kwa sababu nimeipenda: "Hofu ya kwamba tanga litatoka mferejini na kuangukia majini ni hofu ya watu wasiojipanga."

Niliisoma taratibu. Inastahili.

Dada aliuliza swali moja tu. "Likitoka lote, mimi niko usukani, yeye analishika wapi?"

Nilimwambia jibu liko ukurasa wa tisa. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kukunja. Dada yangu ana akili, lakini ni mtu wa tahadhari, na tahadhari huuliza swali lilelile hata baada ya kujibiwa.

Alhamisi, 12 Juni

Shemeji ameagiza reli. Mjomba alisema boti si yake.

Jumatatu, 16 Juni

Mlingoti umelazwa juu ya vigingi uani. Mimi na Mjomba tulivisha reli kipande kwa kipande, na nakiri kwamba mikono yake inafahamu vitu ambavyo kichwa chake kinakataa kuvijadili. Alifanya kazi safi juu ya jambo asiloliamini. Sijui kama hiyo ni heshima au ukaidi.

Jioni, bila kumwuliza yeyote, alitoboa mlingoti chini kidogo ya kilele, akafunga pete ya chuma na kapi, gurudumu dogo la kupitishia kamba. Nilipouliza ni za nini alisema ni za waya wa pili, wa ndani, nyuma ya ule wa mbele, kama siku moja utahitajika. Nilimkumbusha ukurasa wa sita, juu ya kilo zisizofanya kazi. Akakaza nati.

Bi Uzi alikata kulabu zote: kumi na mbili za tanga kubwa, tisa za la kati, sita za dogo. Ishirini na saba. Mjomba alizitia kwenye kopo kuukuu la rangi, akaliweka rafuni juu ya mashine ya kukatia. Nilisema zinaweza kuuzwa kama shaba chakavu. Bi Uzi alinitazama kama mtu aliyemwona mtoto akichezea kiberiti.

Alhamisi, 26 Juni

Upepo umeanza kuwa na kauli. Kamba zinagonga milingoti mchana kutwa, na sasa siyo za boti moja moja bali zote pamoja.

Ijumaa, 27 Juni

Jambo la leo ni dogo, lakini naliandika.

Karakana hii ina desturi ambayo sijaikuta katika kitabu chochote. Hakuna kazi inayotoka mlangoni kabla mtu hajaitumia kwa mkono mmoja, ikiwa imeloweshwa kwa mpira wa maji, akiwa amefumba macho. Mkono wa pili, Mjomba anasema, haumo kwenye hesabu. Huo umeshikilia boti. Matokeo huandikwa katika daftari la kazi, safu ya mwisho, na aliyejaribu huweka saini. Nakala ya mstari huo ndiyo inayopelekwa ofisi ya mashindano kila boti inapobadilishwa vifaa. Bila hiyo boti hairuhusiwi kuanza.

Leo ilikuwa zamu ya matanga ya Shemeji. Nilimwambia Mjomba kwamba jaribio hilo lilibuniwa kwa ajili ya kulabu, na kulitumia kupima reli ni sawa na kumpima samaki kwa mbio za miguu. Nilieleza hilo kwa dakika kumi hivi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafunga bomba, akausukuma mpira ukutani kwa mguu, akanipa kalamu.

"Kama unalijua, weka saini wewe."

Niliandika: *Yamejaribiwa. Yanafaa.* Nikaweka saini. Nilihisi nimeshinda, na bado nahisi hivyo, ila sielewi kwa nini alinipa kalamu kwa upole.

Jumamosi, 5 Julai

Ushindi. Tulitoka watu wanne: Shemeji, Dada, mimi, na rafiki wa Shemeji mwenye duka la injini. Matanga yalipanda mferejini kama kisu ndani ya siagi. Tulibadilisha la kati kwa kubwa huku boti ikikimbia, wawili omo wakilipokea lile linaloshuka na mmoja akilisukuma la kupanda. Shemeji alipiga saa mara tano na kila mara alitabasamu peke yake.

Nilitaka Mjomba awepo. Alisema ana kazi.

Jumanne, 15 Julai

Mawingu ya chini. Bi Uzi ameuliza kama siku ya mashindano nao watakuwa wanne. Nilikwenda kukunja matanga.

Jumapili, 20 Julai

Leo walifanya mazoezi wenyewe wawili. Mimi niliruhusiwa kuwemo kwa sharti kwamba nikae kwenye ngazi ya chumba, mikono mapajani, nisiguse kitu.

Upepo ulikuwa wa kawaida, wala si mkali. Shemeji alikwenda omo kushusha tanga la kati. Dada, mguu mmoja ukiushikilia usukani, aliilegeza henza. Tanga lilishuka hatua tatu au nne vizuri. Kisha upepo ukaingia chini yake, na lililobaki likatoka mferejini kwa mara moja, lote, kwa sauti kama shuka inayopasuliwa. Sijapata kuona kitu chepesi kikiwa kizito kwa haraka vile. Nusu yake ilikuwa majini kabla sijasimama. Shemeji alilikumbatia kwa mikono miwili, magoti yake yakiteleza, na Dada akaacha usukani akakimbia mbele, akamshika kwenye mkanda wa suruali. Boti ikageuka yenyewe. Kwa muda, sijui ni muda gani, hapakuwa na mtu aliyekuwa akiiendesha.

Walilivuta. Shemeji alicheka, akasema hiyo ndiyo faida ya mazoezi. Dada hakucheka. Alikuwa akizitazama kucha zake, mbili zilikuwa zimevunjika hadi kwenye nyama.

Nilimwandikia Shemeji mapendekezo matatu: kamba za kusuka kama wavu kati ya nguzo za pembeni, henza ilegezwe taratibu zaidi, na boti igeuzwe upepo uwe nyuma kabla ya kushusha. Yote ni mazuri. Yote yanahitaji mikono.

Sikumwambia Mjomba.

Jumatatu, 21 Julai

Nimeisoma upya sentensi ya ukurasa wa tisa. Bado naiona ni sahihi. Wavu utatosha.

Ijumaa, 1 Agosti

Siku nane zimebaki. Kamba hazigongi tena milingoti, zinalia juu yake, sauti moja ndefu isiyopumua. Mwenye duka la injini anasema upepo wa mwaka huu umekuja na haraka zake.

Nilipanda kuchukua mkasi rafuni nikaligusa kopo. Lilikuwa jepesi kuliko nilivyolikumbuka. Nilizimwaga kulabu mezani nikazihesabu: ishirini na moja. Nilimwuliza Bi Uzi ziko wapi sita. Alisema labda zimekwenda kuuzwa kama shaba chakavu.

Jumatano, 6 Agosti

Nitaandika yote, kwa mpangilio.

Asubuhi Mjomba na Bi Uzi walikwenda kwa mteja. Boti ya Shemeji ilikuwa imefungwa chini ya karakana, tanga dogo likiwa tayari mferejini. Nilichukua mpira wa maji nikashuka nao. Nilijiambia nakwenda kuthibitisha nilichokwisha kukithibitisha. Nilililowesha tanga, sitaha na mimi mwenyewe. Nikalipandisha. Nikafunga mkanda wa usalama, nikashika nguzo ya omo kwa mkono wa kushoto, nikafumba macho, nikalegeza henza.

Mara ya kwanza lilinitoka na kwenda majini. Ya pili lilinifunika uso, nikaiachia nguzo bila kujua kwamba nimeiachia. Ya tatu nililishika kweli, kwa vidole vya mkono mmoja, na nikagundua kwamba ili lisiondoke ilinibidi nilishike na kwa mkono wa pili, na mara nilipolishika kwa mikono miwili sikuwa tena mtu aliyesimama kwenye boti, nilikuwa sehemu ya tanga. Na hapo ni gatini, hakuna wimbi, na upepo unazuiwa na jengo.

Nilijaribu mara saba. Hakuna mara moja iliyofaa.

Nilikwenda nyumbani kwa Shemeji nikiwa bado nimelowa. Dada alinipa taulo. Nilisema nilichokiona: kwamba reli ni nzuri kwa watu wanne na ni hatari kwa wawili, kwamba nilikosea, kwamba afadhali wasiende mwaka huu, au angalau wachukue tanga dogo la dhoruba ambalo sasa nina hakika Mjomba amelishona, lenye kulabu sita, na waya wa ndani wa kulifungia kwenye ile pete. Reli imeufunika waya wa mbele wote. Kulabu hazina tena mahali pa kuuma isipokuwa huo wa ndani.

Shemeji alinisikiliza kwa adabu. Kisha akafungua droo akatoa karatasi zangu. Amezitia kila moja kwenye mfuko wa plastiki.

Nilisema tanga litatoka. Akafungua ukurasa wa tisa, akausoma. Nilisema waya wa ndani hauna uzito wa kutisha. Akafungua wa sita, akasoma juu ya kilo zisizofanya kazi. Nilisema watu wawili hawatoshi. Akasoma ukurasa wa pili, mahali nilipoandika kwamba hoja inayohusu idadi ya watu si hoja inayohusu chombo. Kila nilikokimbilia nilijikuta nimeshafika kabla yangu, nimefunga mlango, nimeweka na kufuli. Sijawahi kushindwa mabishano na mtu hodari kiasi hicho.

Nikamwambia kurasa hizo zina makosa.

"Ulipoandika haya, shemeji yangu, ulikuwa umetulia na vitabu vyako," akasema. "Leo umekuja umelowa na unatetemeka. Nimwamini yupi?"

Nilikuwa nimemfundisha kuuliza hivyo. Dada alikuwa amesimama mlangoni na mrundo wa nguo mikononi, na alinitazama kwa namna ambayo nilidhani ni lawama. Sasa nadhani alikuwa akingoja niseme neno moja zaidi, neno ambalo ningekuwa nalo.

Nilikuwa nalo. Sikumwambia kuhusu saini.

Alhamisi, 7 Agosti

Nilifika ofisi ya mashindano kufuta saini yangu. Ilikuwa ni kusema tu: boti hii haikujaribiwa, mimi niliandika uongo. Wangeizuia hapohapo.

Palikuwa na foleni ya watu wawili. Nilirudi.

Ijumaa, 8 Agosti

Dada alipita karakanani na mfuko wa nguo za safari. Aliingia nao ukiwa mwembamba, akatoka nao umejaa, na kitu kilichokunjwa duara kama waya kikiwa kimetuna upande. Mjomba alimfungulia mlango. Mimi nilikuwa nikifagia. Alipopita karibu yangu aliweka kidole mdomoni kama tulipokuwa wadogo na tumeiba sukari.

Nilinyamaza. Katika msimu huu wote ndiyo mara moja nilipofanya jambo la maana kwa kunyamaza.

Jumamosi, 9 Agosti

Wameondoka saa nne asubuhi. Boti kumi na nne. Yao ilikuwa ya tatu kwenye mstari, ya kwanza kwenye boya. Nzuri kuitazama. Mtu asiyejua angesema inavutwa kwa uzi.

Jumapili, 10 Agosti

Asubuhi. Upepo umepanda tangu alfajiri. Boti tano zimerudi bila kumaliza. Mjomba amesimama kwenye baraza la karakana na darubini, hajakaa wala hajala.

Adhuhuri. Ya kwanza imefika. Si wao. Nahodha wake amesema waliwaona wakiongoza karibu na mnara wa taa, mbali mbele, halafu mvua ikawafunika.

Saa tisa alasiri. Mjomba amenipa darubini.

Niliona tanga moja dogo sana, jeupe, chini mno kuwa la mbele na mbele mno kuwa tanga kuu la mlingotini. Lilikuwa kwenye waya wa ndani. Nilizihesabu kulabu, ingawa kwa umbali ule haiwezekani kuziona: sita. Reli ilikuwa imepasuka katikati na kipande chake kikining'inia na kugonga mlingoti. Kisha nikahesabu watu.

Mmoja, usukani.

Niliendelea kutazama, kwa sababu mtu anaweza kuwa amekaa chini, anaweza kuwa chumbani amelala. Mjomba aliweka mkono begani mwangu, na huo mkono ulikuwa mzito, na haukuondoka mpaka boti ikafunga gatini na tukaona kwamba ni Dada, na kwamba Shemeji yumo chumbani, amefunikwa kwa tanga la kati.

Jumatatu, 11 Agosti

Siwezi.

Jumatano, 13 Agosti

Hivi ndivyo Dada alivyowaeleza maafisa wa bandari, nami nilikuwepo. Walipoupita mnara wa taa upepo ulipanda, wakaamua kubadilisha la kati kwa dogo. Waliigeuza boti upepo ukawa nyuma, kama ilivyoandikwa. Wavu ulikuwepo. Shemeji alikuwa amefunga mkanda wa usalama na ameukagua mara mbili. Dada alilegeza henza taratibu. Tanga likatoka lote. Likapita juu ya wavu, likajaa maji, na Shemeji alikuwa amelishika kwa mikono miwili kwa sababu hakuna namna nyingine ya kulishika. Lilimvuta kupita chini ya waya wa pembeni, ule wa kuzuia watu wasianguke. Mkanda haukukatika. Ulimshika vizuri kabisa, kando ya boti inayokimbia, kichwa kikiwa majini. Dada aliisimamisha boti. Alipata kumpandisha baada ya muda ambao hakutaka kuutaja, na afisa hakuuliza tena.

Kisha akaulizwa alirudije peke yake. Akasema aliuvuta waya wa ndani hadi kwenye pete kwa kamba ya kapi, akapandisha tanga la kulabu. Mkono mmoja, akasema, kama vile wao walijua maana yake.

Jumamosi, 23 Agosti

Upepo umekufa. Gati lote kimya, kamba zinaning'inia.

Dada alikuja karakanani leo. Alivua viatu mlangoni. Bi Uzi alitoka shimoni, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya kwa ajili ya mtu, akamkumbatia muda mrefu. Mjomba alimwita mwanangu, akamletea kiti. Hakukaa. Alikuwa na ule mfuko wa nguo, na karatasi zangu katika plastiki zake. Zilikuwa kwenye boti, akasema. Shemeji alikwenda nazo. Hazikuingia maji hata kidogo.

Alitoa ukurasa wa tisa akanipa, akataka nimsomee ile sehemu.

Niliisoma. Mjomba alikuwepo, Bi Uzi alikuwepo. Niliisoma tangu "hofu" mpaka "wasiojipanga," na sauti yangu ilifika mwisho kwa sababu sentensi imejengwa vizuri, haina mahali pa kusimama.

"Tulijipanga," Dada akasema.

Hakuinua sauti. Aliirudisha karatasi kwenye plastiki yake, akailainisha kwa kiganja. Halafu akaomba daftari la kazi. Mjomba alilifungua mwenyewe kwenye tarehe 27 Juni, akaligeuza limwelekee. Dada alisoma mstari mpaka safu ya mwisho, akaweka kidole chini ya saini.

"Ulijaribu?"

"Hapana, Dada."

Nilingoja. Ningepokea lolote. Alikaa na kidole chake pale, kucha mbili zikiwa zimeanza kuota upya, kisha akaufungua mfuko akalitandika sakafuni lile tanga dogo la kulabu. Akasema pini mbili zimekazwa na chumvi na anataka zifunguke. Hakusema anazitakia nini.

Nilizisafisha kwa mafuta na brashi mbele yake. Nilipomaliza, Mjomba alifunga kipande cha waya ukutani, akafungua bomba, akanielekezea mpira wa maji. Nilifumba macho. Mkono wangu wa kushoto ulishika nguzo ya dirisha. Kwa kidole gumba cha kulia niliitafuta ya kwanza, nikavuta pini, nikaibana kwenye waya, na nikasikia sauti yake ikifunga, ndogo, kavu. Dada alihesabu. Aliendelea kuhesabu mpaka sita, bila haraka, na nilipofumbua macho alikuwa ameshavaa viatu na amekwenda, daftari liko wazi mezani, kalamu juu yake, na safu ya mwisho ya leo haina kitu.